Mgeni njoo, mwenyeji apone



Katika nchi zenye uwezo, hasa Marekani, familia inayotaka kukaa pamoja wiki nzima bila shughuli za nyumbani mara nyingi hupanda meli ya utalii. Babu na bibi wanakuja, watoto waliokwisha kuoa na kuolewa wanakuja, wajukuu nao wamo. Hakuna anayepika wala anayeosha vyombo. Meli yenyewe ni kama mji mdogo unaoelea: ina vyumba vya kulala maelfu ya watu, mabwawa ya kuogelea, kumbi za chakula na michezo ya watoto. Usiku wanalala bahari ikiwa pande zote, na asubuhi wanaamka mbele yao kuna kisiwa.

Siku hiyo ya kisiwani ndiyo ambayo watoto huisubiri kwa hamu. Kuna minazi, mchanga mweupe na maji ya uvuguvugu, na mchana inachomwa nyama ufukweni. Jioni ikifika wote wanarudi melini, na kisiwa kinabaki nyuma na watu wake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua siku hiyo kutoka upande wa pili. Meli za namna hiyo hufika Mombasa na Zanzibar, na sisi ndio wenyeji. Yupo anayeuza vinyago, yupo anayeendesha teksi, yupo anayewatembeza wageni Mji Mkongwe, na yupo mtoto anayesimama kando akitazama tu. Wazee wetu walituachia msemo wa siku kama hiyo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuutafakari msemo huo kwa kutazama ufukwe mmoja wa mbali, ambako mwaka 2010 uliwekwa kwenye mizani.

Kupumzika ni zawadi ya Mungu

Kwanza tuondoe lawama isiyo na msingi. Wapo Wakristo wanaodhani kwamba mtu akienda mapumziko na familia yake ametapanya mali ya Bwana. Biblia haisemi hivyo. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba baada ya kazi ya uumbaji (Mwanzo 2:2). Mitume waliporudi kutoka kwenye huduma wamechoka, hata nafasi ya kula hawana kwa sababu ya umati, Bwana Yesu aliwaita waende kando wapumzike kidogo, wakaondoka kwa mashua (Marko 6:30-32). Mtoto anayepata siku saba za kuwa na baba yake bila simu za kazini amepewa kitu ambacho ada ya shule hainunui.

Lakini amri ya Sabato ina sehemu tunayoipita haraka. Kumbukumbu la Torati 5:14 haiishii kwa baba, mama na watoto wao. Inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, inamtaja ng'ombe na punda, inamtaja mgeni aliyemo malangoni. Kisha inatoa sababu, kwamba mtumishi apate kupumzika sawasawa na bwana wake. Mstari unaofuata unawakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Mbele za Mungu, pumziko la nyumba hupimwa kwa yule aliye chini kabisa katika nyumba hiyo.

Ukiipeleka amri hiyo melini, utamwona mtu anayetandika vitanda na anayebeba sahani. Wengi wao wanatoka Ufilipino, India na Indonesia, na siku hizi wamo pia vijana wetu kutoka Kenya. Mikataba yao huwa ya miezi sita mpaka tisa, na kwa kawaida wanafanya kazi siku zote saba za wiki. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo sheria hiyo inaruhusu mtu amalize mkataba wake wote bila kupata Jumapili moja nzima. Familia moja inapumzika wiki nzima, na baba au mama wa familia nyingine yuko mbali na wanawe ili hilo liwezekane.

Ufukwe wenye uzio

Sasa twende kwenye ufukwe niliousema. Katika pwani ya kaskazini ya Haiti, karibu na mji wa Cap-Haïtien, kuna rasi iitwayo Labadee. Milima ya kijani inashuka mpaka baharini, na maji ya ghuba yametulia. Kampuni ya meli za utalii ya Royal Caribbean imelikodi eneo hilo kutoka kwa serikali ya Haiti na imekuwa ikileta wageni tangu miaka ya 1980. Uzio na walinzi wanalitenga na makazi ya jirani.

Kwa muda mrefu matangazo yalisema kwamba Labadee iko Hispaniola, jina la kisiwa kizima ambacho Haiti inakigawana na Jamhuri ya Dominika. Jina hilo ni la kweli, lakini abiria wengi hawakulihusisha na Haiti. Wapo waliocheza mchangani kutwa nzima bila kujua kwamba wamekanyaga ardhi ya nchi maskini kuliko zote katika Amerika.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti karibu na mji mkuu wa Port-au-Prince. Hata makadirio ya chini yanahesabu vifo kwa makumi ya maelfu. Ikulu ilibomoka. Kanisa kuu la Katoliki lilianguka, na Askofu Mkuu Joseph Serge Miot alikuwa miongoni mwa waliokufa. Labadee, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini, haikuguswa. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Januari, meli ya Independence of the Seas ilifika pale na maelfu ya abiria.

Jiweke katika nafasi ya baba au mama aliyekuwa ndani ya meli ile. Safari umeilipia miezi mingi iliyopita, na watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea. Lakini kwenye televisheni ya chumbani unaona watu wanafukua vifusi kwa mikono. Je, utashuka?

Abiria waligawanyika. Wengine walikataa kushuka, wakisema hawawezi kula nyama choma na kuota jua wakati upande wa pili wa nchi maiti zimelala barabarani. Wengine walishuka, wakisema Haiti inahitaji fedha za wageni wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Kampuni ilieleza kwamba serikali ya Haiti yenyewe iliziomba meli ziendelee kufika. Meli ilishusha mchele, maharage, maziwa ya unga na maji kwa ajili ya waathirika, na kampuni iliahidi kwamba faida ya safari hizo za Labadee itakwenda kwenye misaada. Mamia ya Wahaiti walikuwa wanapata riziki zao pale, wengine wameajiriwa na wengine wakiuza bidhaa zao. Kwao meli kupita bila kusimama kungekuwa pigo la pili.

Nani alikuwa sahihi? Sioni kwamba dhamiri zote zilipaswa kujibu namna moja. Aliyebaki chumbani kwa huzuni hakumlisha mtu yeyote kwa kubaki kwake. Aliyeshuka akanunua kinyago kwa bei ya haki alimpelekea mtu chakula cha jioni. Lakini yupo ambaye angeweza kushuka, akaogelea, akala na kurudi bila kuuliza chochote, na uzio ungemsaidia asiulize.

Hapo ndipo namkumbuka tajiri wa Luka 16. Bwana Yesu hakusema kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro wala kwamba alimwibia. Alisema tu kwamba Lazaro alilazwa mlangoni pake akiwa na vidonda na njaa, na ndani watu walisherehekea kila siku. Kosa lake lilikuwa kumzoea mtu wa mlangoni.

Mgeni aliyeokota kuni

Biblia inayo habari ya meli na kisiwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28, meli iliyobeba watu 276, Paulo akiwa mfungwa ndani yake, ilivunjikia Malta. Wenyeji waliwapokea kwa ukarimu usio wa kawaida. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ni kali, nao wakawasha moto kwa ajili ya wote.

Paulo alifanya nini? Aliokota kuni. Alikuwa ametoka kwenye dhoruba ya wiki mbili, naye ni mtume, lakini hakukaa kusubiri kuhudumiwa. Ni katika kazi hiyo ndogo ambapo nyoka alimwuma mkononi, naye asidhurike. Baadaye Publio, mkuu wa kisiwa, aliwakaribisha kwake siku tatu. Baba yake alikuwa kitandani kwa homa na kuhara damu. Paulo aliingia alikolala, akaomba, akamwekea mikono, naye akapona. Wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja, nao wakaponywa. Wageni walipoondoka baada ya miezi mitatu, wenyeji waliwapakilia mahitaji ya safari.

Hapo msemo wa wazee wetu ulitimia neno kwa neno: mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Pwani ile ile ya Haiti nayo ina habari ya meli iliyokwama. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1492, Santa María, meli ya Christopher Columbus, ilipanda mwamba si mbali na ilipo Cap-Haïtien ya leo. Chifu wa eneo lile, Guacanagarí, alituma watu wake na mitumbwi wakasaidia kuokoa mizigo. Huo nao ulikuwa ukarimu usio wa kawaida, tena usiku wa kukumbuka kuzaliwa kwa Mwokozi. Lakini wageni wale waliitazama nchi kwa jicho la kutafuta dhahabu. Ndani ya miaka kama 50, wenyeji wa kisiwa kile, Wataino, walikuwa wamekaribia kutoweka kwa magonjwa, vita na kazi za kulazimishwa. Waliobeba msalaba kwenye bendera zao walisahau kuokota kuni.

Kwako wewe na nyumba yako

Huenda hutapanda meli ya utalii maisha yako yote. Lakini Pasaka utawapeleka watoto Bagamoyo, Zanzibar au Diani, au utakwenda kijijini Krismasi, ambako mwenyeji wako ni mama yako mzazi. Amri ni ile ile.

Anza na nyumba yako. Kama dada wa kazi anasafiri nanyi, je, naye ataingia baharini, au atashinda chini ya mwavuli akilinda mikoba na viatu? Mpe saa zake, na mpeni kiti mezani. Kama amebaki nyumbani, mwacheni aende kuwaona wazazi wake kwa siku ambazo ninyi hampo, na mshahara wake usikatwe. Kule kijijini, kama mama yako ndiye anayeamka alfajiri kuwachemshia chai watu 12 waliokuja kupumzika, kuna mtu hajapumzika katika nyumba hiyo.

Kisha mtazame mwenyeji wa kule mnakokwenda. Muulize jina, na jina hilo wafundishe watoto. Waambie watoto wako wapi, na watu wa pale wanaishije. Usibishane na muuza madafu kwa shilingi mia tano wakati nauli ya boti umelipa bila kuuliza. Mhudumu aliyekutandikia kitanda muachie chochote, na umshukuru kwa mdomo pia. Kama kuna kanisa karibu, salini nao Jumapili, ili katika ibada hiyo msiwe wateja bali ndugu.

Machafuko ya miaka ya karibuni nchini Haiti yamezifanya meli zisitishe safari za Labadee zaidi ya mara moja. Muuza vinyago wa pale anatazama bahari tupu. Tumkumbuke katika maombi ya leo, pamoja na mabaharia wote walio kazini asubuhi hii wakati sisi tunaelekea ibadani.

Bwana atupe pumziko, na popote tutakapopumzikia, mwenyeji wetu apone. Amina.