Vyombo vya Baiskeli vya Bei Kubwa: Je, Faida Yake Yalingana na Gharama?

Mtu anunuaye baiskeli ya mbio hakawii kuitazama kwa jicho la kutafuta kasoro. Huona kwamba gia zake si za cheo cha juu na magurudumu yake ni mazito kuliko ya mwenziwe, tena huambiwa kwamba akibadili hiki na kile atakwenda kama mshale. Basi karani huanza kuhesabu akiba yake ya benki, na mkulima hungojea malipo ya majani chai. Fedha hizo ndizo zingelipa karo na mbolea. Kwa hiyo yafaa kuuliza, kabla hazijatoka mfukoni, kama zitanunua mwendo au zitanunua ung'aavu tu. Swali hili lajibika kwa hesabu, wala halihitaji maneno matamu ya mwenye duka.

NGAZI ZA BEI

Kampuni ya Shimano, iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai nchini Japani, ni mojawapo ya zile ambazo vyombo vyake huonekana sana katika baiskeli za mbio. Kwa miaka mingi imeuza seti zake za gia na breki kwa ngazi. Chini kabisa ilikuwa Claris, kisha Sora, Tiagra, 105 na Ultegra, na juu kabisa Dura-Ace, ambayo ilitokea mara ya kwanza mwaka 1973. Bei ya seti ya Dura-Ace huweza kuwa mara tatu ya bei ya 105, au kuzidi.

Atokaye ngazi ya chini kabisa akafika ngazi ya katikati hupata faida anayoiona mwenyewe. Gia hubadilika bila kusita, breki hushika barabara bila kuchosha vidole, na vyombo hudumu. Lakini atokaye katikati akapanda juu hupata faida ndogo zaidi kwa kila shilingi. Gia za 105 huhamisha mnyororo vizuri, na breki zake humsimamisha mtu vizuri. Kinachoongezwa na ngazi ya juu hasa ni upungufu wa uzito na ulaini kidogo wa kubadili gia.

Tena ujuzi mpya hauketi juu daima. Gia 11 za gurudumu la nyuma zilitangazwa kwa Dura-Ace mwaka 2012, zikafika Ultegra mwaka 2013, na 105 mwaka 2014. Gia zinazobadilishwa kwa nguvu za umeme zilikawia zaidi: Dura-Ace ziliingia sokoni mwaka 2009, lakini 105 hazikupata mpaka mwaka 2022. Mwenye subira, basi, hununua kwa bei nafuu kile kile ambacho mwenye haraka alikinunua kwa bei kubwa.

HESABU YA UZITO

Tofauti ya uzito kati ya seti ya 105 na seti ya Dura-Ace ni kama nusu kilo, yaani uzito wa maji yanayojaa chupa ya nusu lita. Hebu tuseme mtu pamoja na baiskeli yake wana kilo 80, naye anapanda mlima mrefu, kama vile barabara itokayo Bonde la Kerio kwenda Iten, mji ulio kama mita 2,400 juu ya bahari. Tuseme tena kwamba kupanda huko kwamchukua saa nzima. Nusu kilo katika kilo 80 ni sehemu moja ya 160. Hata kama nguvu zake zote zingetumika kuuinua uzito tu, saa moja ingepunguzwa kwa sekunde 23 hivi. Katika barabara tambarare faida hiyo hukaribia kupotea kabisa.

Sekunde 23 si kitu kidogo kwa mshindani anayegombea nafasi ya kwanza mlimani. Kwa karani anayekwenda kazini ni muda wa kufungua mlango na kuvua kofia. Tena hata washindani wakubwa wamewekewa mpaka, kwa maana tangu mwaka 2000 chama cha dunia cha mchezo huu, UCI, kimekataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake ya barabarani. Na yule mwenye kilo 3 za ziada kiunoni anaweza kupata wepesi mara sita ya ule wa Dura-Ace bila kutoa senti.

ADUI MKUBWA NI UPEPO

Barabara inapokuwa tambarare, na mwendo ukafika kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mpanda baiskeli huishia katika kuisukuma hewa. Na kinachopigwa zaidi na hewa hiyo si baiskeli bali ni mwili wa mtu mwenyewe. Jambo hili lilionekana wazi katika shindano la kale la kutafuta ni nani atakayekwenda mbali zaidi kwa saa moja katika uwanja.

Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi. Baiskeli yake iliundwa kwa gharama kubwa hata uzito wake ukawa chini ya kilo 6. Alikwenda kilomita 49.431. Mwaka 1984 Francesco Moser wa Italia, mwenye magurudumu yaliyozibwa kama sahani, alifika kilomita 51.151 katika mji ule ule.

Kisha mwaka 1993 akatokea Graeme Obree wa Scotland. Huyu hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Aliiunda baiskeli yake mwenyewe, na ndani yake akatia bearingi zilizotolewa katika mashine ya kufulia nguo. Lakini alikuwa amefikiri sana juu ya namna ya kukaa, akaikunja mikono chini ya kifua ili hewa isipate pa kumpiga. Huko Hamar, nchini Norway, alikwenda kilomita 51.596 akamshinda Moser. Rekodi yake ilidumu siku 6 tu, kisha ikavunjwa na Chris Boardman wa Uingereza, lakini dunia ilikuwa imekwisha kuona kwamba akili ya kukaa vema yaweza kushindana na fedha nyingi.

Boardman naye aliongeza ushahidi. Mwaka 1996, akiwa ameinyoosha mikono mbele kabisa, alikwenda kilomita 56.375. Mwaka 2000 UCI iliamuru kwamba rekodi ya saa itafutwe kwa baiskeli ya namna ya Merckx na kwa kukaa kwa namna yake. Boardman akajaribu tena akapata kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Ni kweli kwamba umri wake ulikuwa umesogea, na magurudumu nayo yalikuwa ya kawaida. Hata hivyo, karibu kilomita 7 zilizopotea haziwezi kuelezwa kwa umri peke yake. Nyingi zilikuwa za upepo.

Haya hayana maana kwamba vyombo havifai kitu. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50, na njia iliyobaki ilikuwa kilomita 24.5 tu. LeMond alifunga usukani wa nyongeza uliomwezesha kuweka mikono mbele na kuinama. Akampita Fignon kwa sekunde 58 katika njia hiyo, akashinda mashindano yote kwa sekunde 8. Chombo kilimsaidia kwa kuwa kiliubadili ukaaji wa mwili wake.

TAIRI NA MNYORORO

Baada ya upepo, kinachokula nguvu katika barabara tambarare ni tairi. Tairi ngumu ya bei ya chini hukandika vibaya kila inapozunguka, na nguvu hupotea humo. Kwa mtu na baiskeli wenye kilo 80, katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, tofauti kati ya jozi mbaya na jozi nzuri yaweza kuzidi wati 10. Mtu wa kawaida anayeendesha mwendo huo peke yake hutoa wati 150 au zaidi kidogo, na hivyo kuokoa 10 ni jambo kubwa. Tena jozi nzuri ya tairi bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya seti ya Dura-Ace.

Wengi hudhani kwamba tairi nyembamba iliyojazwa pumzi mpaka iwe kama jiwe ndiyo ya mbio. Washindani wakubwa wenyewe wameiacha dhana hiyo. Wametoka tairi za milimita 23 wakaenda 25, kisha 28 na zaidi, wala hawazijazi kupita kiasi. Katika barabara yenye mashimo na kokoto tairi ngumu mno humrusha mtu juu, na kila arushwapo nguvu zake hupotea.

Mnyororo nao hudai uangalizi kuliko fedha. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, na mnyororo uliolegea huyala meno ya gia. Njia ya kuupima ni rahisi. Weka rula ya futi moja juu ya mnyororo, alama ya sifuri ikiwa katikati ya pini. Mnyororo mpya utaonyesha pini nyingine hasa kwenye inchi 12. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Asiyefanya hivyo atanunua mnyororo pamoja na meno yote, kwa maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.

FUNDI WA KARIBU

Liko jambo lingine ambalo mwenye duka halitaji. Vyombo vya juu huvuta vyombo vingine. Anayetaka kutoka gia 10 kwenda 12 hawezi kubadili kimoja. Atahitaji mnyororo mwingine, meno mengine, vishikio vingine vya kubadilishia gia, na pengine gurudumu jingine. Tena baadhi ya meno makubwa ya Dura-Ace hufanywa kwa titani ili yawe mepesi, nayo huchakaa upesi kuliko ya chuma. Gia za umeme zahitaji kuchajiwa. Vikiharibika mbali na mji mkubwa, fundi mwenye spana na nyundo chini ya mti hataweza kuvisaidia, wala soko la karibu halina vipuri vyake.

Kwa sababu hiyo, mwenye baiskeli ya ngazi ya chini aliyekusanya fedha nyingi afadhali mara nyingi aiuze, anunue baiskeli nzima ya ngazi ya katikati iliyotumika, kuliko kununua chombo kimoja kimoja. Lakini aikague kwanza fremu kama ina ufa, hasa ikiwa ya kaboni.

MFANO WA HAPA KENYA

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa kijana alijifunza mbio kwa David Kinjah, mwendeshaji mashuhuri wa Kenya, akifanya mazoezi pamoja naye na vijana wengine katika milima ya Kikuyu. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, na baadaye akiwa na leseni ya Uingereza alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Siku hizo za ushindi alipanda baiskeli ya hali ya juu, nayo ilimfaa, kwa kuwa aliwakabili watu waliolingana naye kwa nguvu. Lakini miguu na mapafu aliyaleta kutoka vilimani, wala hayakuuzwa pamoja na baiskeli.

KWANZA LIPI?

Basi kijana mwenye fedha kidogo afuate utaratibu huu. Kwanza atengeneze breki, maana mwendo usiosimamishika ni hatari. Pili apimiwe kiti na usukani hata aweze kuinama bila maumivu, na avae shati linaloshika mwili badala ya lile linalopepea kama bendera. Tatu anunue tairi nzuri. Nne ausafishe mnyororo na kuupima. Haya yote kwa jumla hayafiki hata nusu ya bei ya seti ya juu, na yatampa mwendo mwingi kuliko seti hiyo.

Akiisha kuyafanya, na ikiwa gia zake ni za ngazi ya chini, kufika ngazi ya katikati ni matumizi ya busara. Kupita hapo kwamfaa yule ambaye sekunde 23 humtenga na ushindi. Asiye katika hali hiyo akitaka kununua kwa sababu kitu chapendeza macho, hakuna sheria imkatazayo, mradi ajue kwamba amenunua pambo, na mradi karo imekwisha kulipwa.