Sumu ndani ya muhogo

(Muziki wa kufungua, kisha unapungua.)

Leo mama aliye jikoni asogee karibu na redio, na baba pia asiende mbali, kwa sababu tutazungumza juu ya unga wa mihogo.

Tuanzie nje ya jiko kidogo. Mmea hauna miguu. Mbuzi akija, hauwezi kukimbia, kwa hiyo mimea mingi hujilinda kwa sumu. Mnaijua minyaa, ule ua wa vijiti vya kijani unaozunguka nyumba nyingi. Ukivunja tawi, yanatoka maziwa meupe, na yakikuingia jichoni utalia kutwa nzima. Hata wanyama wapo wanaojilinda hivyo. Kenya na nchi za jirani kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gamba la mti wenye sumu, mti ule ule ambao wawindaji walipata kwake sumu ya mishale. Kisha hujipaka mate yale kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, huugua vibaya, na wengine hufa.

Sasa, wataalamu wa mimea wanasema kwamba mnyaa na muhogo ni wa ukoo mmoja. Muhogo nao una silaha yake, na inaitwa sianidi.

Sumu hii hailali wazi ndani ya muhogo. Fikirini sanduku lililofungwa katika chumba kimoja, na ufunguo wake katika chumba cha pili. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Panya au nguruwe akiuma, kuta zinavunjika, ufunguo unafika kwenye sanduku, na sianidi inatoka. Mnyama anasikia uchungu na kuacha. Ndiyo maana wakulima wengi wanapenda kupanda muhogo mchungu: nguruwe hausumbui sana, na mwizi pia anafikiri mara mbili.

Bibi zetu walijua namna ya kuinyang'anya mihogo silaha hiyo. Ukimenya muhogo mchungu na kuulowesha siku tatu au zaidi, unalainika, kuta zinavunjika, na sumu inaondoka na maji. Ukiuanika, nyingine inapaa hewani. Sombe pia ni hivyo hivyo, maana majani yana sumu kuliko hata mizizi: tunayatwanga vizuri kwanza, halafu tunayachemsha muda mrefu. Lakini kuchemsha tu muhogo mchungu ukiwa katika vipande vikubwa hakutoshi. Moto unaharibu ufunguo mapema, sanduku linabaki limefungwa, nawe unalimeza hivyo. Baadaye linafunguka tumboni.

Shida inakuja pale mtu anapokosa muda au maji. Katika Bandundu, kule Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, wanunuzi walitaka mihogo haraka, na siku tatu za kulowesha zikawa usiku mmoja. Watu wakaanza kulemaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Kiyaka, na daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938 huko Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi, wala si uchawi, kwa hiyo jirani asitengwe. Lakini hauponi. Tanzania pia ulionekana, wilayani Tarime, wakati wa ukame wa mwaka 1985. Ukame huongeza sumu ndani ya muhogo, tena unaacha nyumba bila chakula kingine.

Hilo la chakula kingine ndilo linalotugusa sisi. Mwili una njia ya kuipunguza makali sianidi na kuitoa kwa mkojo, lakini unahitaji msaada wa maharagwe, samaki, mayai au nyama. Mgao ukipungua na maharagwe yakaisha, bugali wa jana unakuwa wa hatari zaidi leo, hata kama unga ni ule ule.

Na unga wa sokoni hauonyeshi ulivyotengenezwa. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, watu 98 waliugua baada ya kula bugali wa mihogo, na wawili wakafariki. Wa kwanza walikuwa wamekula matangani. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya kula bugali wa mihogo, nenda kituo cha afya mara moja, na ueleze ulichokula.

Je, mama aliyenunua unga asiouamini afanye nini? Mtaalamu Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitafuta njia isiyohitaji maji mengi. Weka unga mkavu ndani ya beseni na utie alama pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena; ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, uwe mwembamba kuliko unene wa kidole, uuache muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki itapaa. Kule Bandundu, akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge walifanya hivyo kila siku, na katika muda waliofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo.

Unga huo upikwe siku hiyo hiyo. Ukilala hadi kesho, utachacha.

(Muziki wa kufunga.)