Nani Aliyelipia Karatasi Hii?

Msikilizaji mpenzi, chukulia kwamba zimebaki siku mbili madiwani wachaguliwe. Unaamka asubuhi unakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mgombea fulani akishinda, soko la mtaa wenu litauzwa. Unaigeuza mbele na nyuma. Haina jina la mtu wala la kiwanda cha chapa. Je, utamwuliza nani? Na ikiwa ni uongo, atashitakiwa nani?

Tatizo hilo ni la siku nyingi, na nchi kadhaa zimejaribu kulitatua kwa mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya karatasi. Mstari huo unamweleza mpiga kura ni nani anayesema naye.

Uingereza ilianza zamani. Sheria yake ya mwaka 1883, iliyotungwa kupambana na rushwa katika uchaguzi wa wabunge, iliagiza kila bango la uchaguzi liwe na jina na anwani ya aliyelipiga chapa na aliyelitoa. Siku hizi inatumika sheria ya mwaka 1983, nayo inamhusu diwani sawa na mbunge. Inadai mambo matatu: jina na anwani ya mpiga chapa, jina na anwani ya mtu aliyeagiza karatasi itolewe, na kama mtu huyo ameitoa kwa niaba ya mwingine, mathalani mgombea, basi jina na anwani ya huyo mwingine pia. Karatasi yenye maandishi upande mmoja, majina yawe upande huo huo. Yenye kurasa kadhaa, yawe ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Anwani si lazima iwe ya nyumbani, ya ofisi yatosha. Tangu tarehe 1 Novemba 2023, matangazo ya kampeni yanayotolewa kwa njia ya intaneti nayo yamewekewa sharti la namna hiyo.

Anayekiuka anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo wakala wa mgombea mwenye busara haachi jambo hili mpaka dakika ya mwisho. Anausoma mstari huo kabla mashine haijaanza kuchapa, maana karatasi elfu tano zikishatoka bila majina, hasara ni yake.

Lakini, msikilizaji, kila sheria njema ina pembe yake kali. Tuvuke bahari twende Marekani, katika mji wa Westerville, jimbo la Ohio. Mwezi Aprili mwaka 1988, Bibi Margaret McIntyre aligawa vikaratasi nje ya mkutano wa hadhara, akiwataka majirani waikatae kodi mpya ya shule iliyokuwa ipigiwe kura. Vikaratasi hivyo alivitengeneza kwa kompyuta yake ya nyumbani. Vingine vilikuwa na jina lake, vingine viliandikwa tu kwamba vimetoka kwa wazazi na walipa kodi wenye wasiwasi. Ofisa mmoja wa shule alimwonya, naye kesho yake akagawa tena. Baadaye ofisa huyo alimshitaki kwa tume ya uchaguzi ya jimbo, na bibi huyo akatozwa faini ya dola 100.

Dola 100 si nyingi, lakini alikata rufani. Alifariki dunia kesi haijaisha, na mumewe akaiendeleza. Tarehe 19 Aprili 1995, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji saba kwa wawili, kwamba sheria ile ya Ohio ilivuka mpaka. Ilimbana raia aliyesema maoni yake kwa fedha zake, tena anayeweza kuwa na sababu ya kuogopa wakubwa wa mtaa wake.

Je, uamuzi huo uliua sharti la majina? La hasha. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo, ilipoyaruhusu makampuni kutumia fedha zao kutangaza wakati wa uchaguzi, ilisema kwa kura nane kwa moja kwamba serikali inaweza kuwadai watangazaji hao wajitaje. Uingereza kwa upande wake haikumwachia hata mtu binafsi: akipiga chapa karatasi ya kumpigia debe mgombea, sharti ajitaje.

Nchi hizi mbili zimeuchora mpaka mahali tofauti, lakini sababu ya kuwapo kwa mstari ule ni moja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Anayemlipia mgombea mabango ya mji mzima huenda ana jambo analolitarajia baada ya ushindi, pengine kiwanja, pengine zabuni ya barabara. Mpiga kura ana haki ya kumjua mtu huyo mapema, wakati kura bado iko mkononi mwake. Bibi mwenye vikaratasi vyake mwenyewe hana zabuni anayoingojea.

Basi, msikilizaji, ukipewa karatasi ya kampeni, usiishie kwenye picha na ahadi. Shusha macho mpaka chini kabisa, usome maandishi madogo. Na kama hayapo, jiulize ni kwa nini aliyeitoa hakutaka umjue.