JINA NI LA KWELI, LAKINI ANAKAA WAPI?

Siku hizi kompyuta imefika hata vijijini. Ipo shuleni, ipo zahanati, na katika vyama vingine vya ushirika hesabu za mazao ya wakulima zimo humo. Basi mashine ikianza kuwa nzito, watu huingiwa na hofu. Mmoja anasema, "Imeingiwa na virusi!" Mwingine anafungua orodha ya programu, anaona majina asiyoyajua, anaanza kufuta.

Virusi vya kompyuta si wadudu. Ni programu, yaani maagizo ya kuongoza mashine, yaliyotungwa na mtu ili aibe au aharibu. Lakini zipo programu halali nyingi zinazofanya kazi kimya kimya. Moja huendesha sauti, nyingine mtandao. Majina yake ni ya ajabu kweli.

Katika kompyuta za Windows, jina linalotisha wengi ni svchost.exe. Mtu anaikuta mara hamsini au zaidi. Mbona moja imekuwa hamsini? Programu hii ni kama mwenye nyumba: huzipa huduma za Windows mahali pa kufanyia kazi. Zamani nyumba moja ilipokea huduma nyingi. Tangu mwaka 2017, Windows 10 ilizipa huduma nyingi kila moja nyumba yake, ikiwa mashine ina kumbukumbu ya kutosha, ili moja ikianguka isiangushe nyingine. Ukizisimamisha ovyo, mtandao waweza kukatika au mashine ikajizima.

Mwaka 2002 watu wa nchi nyingi walipata barua kwa kompyuta. Tafuta faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo. Ati hilo ni virusi, lifute upesi, uwaambie na rafiki zako. Watu wakatafuta, wakaliona kweli, wakafuta. Kumbe lilikuwa faili halali, limewekwa na Microsoft wenyewe! Hapakuwa na virusi vyo vyote. Bahati yao, faili hilo lilihitajiwa na watunga programu wachache tu.

Lakini tusidanganyane, walaghai wapo. Wengine hugeuza herufi: badala ya svchost wanaandika scvhost. Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, tumezoea kwenda herufi kwa herufi. Hapa mwendo huo unatufaa.

Wengine hawageuzi kitu. Mwaka 2003 programu mbaya iitwayo Welchia ilijiita dllhost.exe, jina la programu halali kabisa. Ila ile halali hukaa katika folda ya System32, na Welchia ilijificha katika folda nyingine ya ndani, Wins. Ni kama mgeni anayesema anaitwa Juma. Akina Juma ni wengi. Tunamwuliza, unakaa kwa balozi gani?

Kompyuta nayo huulizwa hivyo. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Orodha ikifunguka, nenda palipoandikwa Details. Weka mshale juu ya jina, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Open file location", maana yake nionyeshe faili linapokaa. svchost ya kweli itakupeleka C:\Windows\System32, au pengine SysWOW64, nayo imo ndani ya Windows. Ikikupeleka kwenye folda ya picha zako, hiyo ni ya bandia.

Hata hivyo makao peke yake hayatoshi. Zipo programu mbaya zinazoingia ndani ya programu halali, kama funza ndani ya embe. Kwa hiyo tumia na kinga. Windows 10 na 11 zina ya kwao, Microsoft Defender, haina malipo. Fungua "Windows Security", uiagize ikague mashine yote. Usiikatize, hata ikichukua saa nzima. Ikikuta kitu kibaya, mara nyingi hukiweka kizuizini kwanza, nawe unapata nafasi ya kumwita fundi kabla hujafuta lo lote.