Je, Wajua? Kadi ya Gigahezi 5 Iliyonyimwa Kuongea na Linux

Ukibahatika kuipata leo kadi ya mtandao ya Atheros ya mwaka 2003, ishike kwa ncha uitazame pale inapochomekwa. Juu ya safu za matundu 68 utaona ukanda mwembamba wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vinane. Vinundu hivyo ni alama ya CardBus. Vinakuambia kwamba kadi hii ni ya biti 32, na haitaingia katika tundu la kompyuta ya zamani zaidi iliyojengwa kwa kadi za biti 16. Upande wa pili umefunikwa plastiki na hutokeza nje ya kompyuta kama ulimi. Humo ndimo antena zilimo.

Ichomeke kwenye kompyuta mpakato ya wakati huo yenye Linux, ufungue dirisha la amri, uandike lspci. Jibu linakuja papo hapo: hapa pana Atheros, chipu ya AR5212. Ukiongeza -n unapata na nambari zake, 168c ya mtengenezaji na 0013 ya chipu yenyewe. Sasa andika iwconfig, amri ya kuuliza vifaa vya pasiwaya. Hakuna kitu. Kadi imeonekana, imetajwa kwa jina na nambari, umeme inapata, ila hakuna programu inayojua kuiambia "anza".

Wengi waliofika hapo walidhani wameuziwa kadi mbovu, wakairudisha dukani. Kadi ilikuwa nzima. Linux nayo iliweza kuiendesha, kama ilivyokuja kuonekana baadaye. Kilichokosekana ni maelezo ya namna ya kuiamuru, na maelezo hayo yalikuwa yamefichwa kwa makusudi. Habari ya namna yalivyokuja kufichuka ni miongoni mwa habari ninazozipenda mno katika historia fupi ya kompyuta.

Tuanze na hewa yenyewe. Mwaka 1999 viwango viwili vya mtandao wa pasiwaya vilipitishwa kwa pamoja. Cha 802.11b kilikaa kwenye gigahezi 2.4, na kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 11 kwa sekunde. Cha 802.11a kilipanda hadi gigahezi 5, kikafikia megabiti 54. Herufi zisikuchanganye: b ndiyo iliyowahi sokoni, a ikachelewa, kwa sababu kutengeneza redio ya gigahezi 5 ya bei ya mtu wa kawaida ilikuwa kazi ngumu.

Na bado watu walitaka kupanda huko. Gigahezi 2.4 ni kama stendi ya mabasi asubuhi. Oveni za maikrowevu huvujisha mawimbi pale pale, Bluetooth iko pale, na chaneli zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ulikuwa uwanja mpana, na Marekani ilikuwa imeutengea chaneli 12 zisizogusana. Gharama yake ni kwamba wimbi lake ni fupi, chini ya sentimita 6 mahali ambapo lile la 2.4 lina zaidi ya 12, nalo hunywewa na ukuta upesi zaidi.

Hiyo megabiti 54 haikutajwa kwa kukisia, na hesabu yake ni nzuri kuifuata. Redio ndani ya nyumba ina mwangwi. Wimbi moja hukufikia moja kwa moja, jingine hufika likiwa limeshagonga ukuta na kabati la chuma, limechelewa kidogo, linavuruga lililotangulia. Dawa ya 802.11a ilikuwa kuigawa chaneli ya megahezi 20 katika vijito 52, vinne vya kuongoza na 48 vya kubeba data, kila kijito kikienda polepole. Kila pigo huchukua mikrosekunde 4, na katika hizo 0.8 huachwa ili mwangwi ufe. Hali ikiwa safi, kila kijito hubeba biti 6 kwa pigo, kwa hiyo vijito 48 hubeba 288. Robo yake ni akiba ya kusahihisha makosa, zinabaki 216. Mapigo ni 250,000 kwa sekunde. Zidisha, utapata milioni 54 kamili.

Wahandisi wengi wa wakati huo waliamini redio ya masafa hayo haiwezekani bila malighafi ghali kama galiamu asenaidi. Profesa Teresa Meng wa Chuo Kikuu cha Stanford aliona vingine. Mwaka 1998 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Atheros, nia yake ikiwa kuijenga redio hiyo kwa CMOS, yaani silikoni ile ile ya bei rahisi inayotengenezewa chipu za kawaida za kompyuta. Mwaka 2001 chipu zao za 802.11a zikaingia sokoni.

Hapo ndipo kufuli lilipozaliwa. Mambo ambayo redio za zamani ziliyafunga kwenye vipuri, chipu hizi ziliyaacha yaamuliwe na programu: isikilize masafa gani, itume kwa nguvu kiasi gani. Na masafa ya gigahezi 5 yana wenyewe. Zimo rada za hali ya hewa na za kijeshi, na kila nchi ina sheria yake kuhusu nani atumie kipande gani. Kampuni ikaingiwa na hofu kwamba ikitoa msimbo wote wazi, mtu yeyote ataiamuru kadi yake itume mahali ilipokatazwa, na mamlaka za mawasiliano zitaigeukia kampuni yenyewe. Sikubaliani na ufumbuzi waliouchagua, lakini hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwaka 2009 wachunguzi wa Marekani walikwenda San Juan, Puerto Rico, kwa sababu rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege ilikuwa inavurugwa na vifaa vya nje vya gigahezi 5.

Ufumbuzi wenyewe uliitwa HAL, tabaka la programu linalokaa kati ya draiva (programu inayoiendesha kadi) na chipu. Sam Leffler, mkongwe wa BSD, mfumo wa uendeshaji uliozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliruhusiwa kuona nyaraka za Atheros, akaliandika tabaka hilo. Juu yake, mwaka 2003, ikajengwa draiva ya Linux iliyoitwa MadWifi. Draiva ilikuwa wazi, kila mtu aisome. HAL ilitolewa ikiwa imeshafanywa lugha ya mashine, haisomeki.

Ukifungua furushi la MadWifi la miaka ile utalikuta faili linaloitwa i386-elf.hal.o.uu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia. Ni mistari baada ya mistari ya herufi na alama zisizo na maana, na karibu kila mstari unaanza na herufi M kubwa. M hiyo ni hesabu tu: katika namna ya zamani ya kufunga data ndani ya maandishi, inamaanisha mstari huu una baiti 45. Kila ilichohitaji Linux ili kuiamuru kadi kilikuwa ndani ya mistari hiyo, na hakuna jicho la mtu lililoweza kukisoma.

Kuiwasha kadi ilikuwa kazi ya jioni nzima. Kwanza utafute msimbo wa kerneli, yaani kiini cha Linux, unaolingana na kerneli uliyonayo, kisha uijenge draiva mwenyewe. Ukiamuru modprobe ath_pci, kerneli inapokea, lakini inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba moduli ya ath_hal si ya leseni huru na kwa hiyo kerneli imechafuliwa. Neno hilo lilikuwa na uzito. Ukipata hitilafu na kupeleka malalamiko kwa waandishi wa kerneli, wakiona alama ya uchafu wanakurudisha, kwa kuwa hawawezi kutibu wasichoruhusiwa kukiona. Matoleo ya baadaye yalitaka uitumie wlanconfig kuiumba ath0 kutoka wifi0. Kisha iwpriv ath0 mode 1, na hiyo 1 maana yake ni 802.11a, usiniletee 2.4. Ndipo chaneli 36 inajitokeza, megahezi 5180, na jina la mtandao wako linaonekana kwenye skrini. Wiki ijayo ukisasisha kerneli, kila kitu kinavunjika, unaanza upya.

Wenye ThinkPad za IBM walikuwa na kizingiti chao. Ukitoa kadi ndogo ya ndani ukaweka ya Atheros ambayo haimo kwenye orodha ya mashine, kompyuta ilikataa hata kuwaka. Ilisimama kwenye kosa nambari 1802, ikisema kadi ya mtandao isiyoruhusiwa imechomekwa.

Kufuli lilianza kulegezwa na watu wa OpenBSD, tawi mojawapo la BSD, ambao hawakubali kabisa faili lisilosomeka ndani ya mfumo wao. Mjerumani Reyk Floeter alichukua njia ndefu. Alichunguza kadi inavyotenda, rejista moja baada ya nyingine, mpaka akaandika HAL yake mwenyewe inayosomeka. Ikatoka ndani ya OpenBSD 3.7 mwezi Mei 2005. Mtu aliyewahi kujifunza lugha kwa kuwasikiliza wenyeji tu, bila mwalimu wala kamusi, ataelewa ni kazi ya namna gani.

Watu wa Linux waliitaka kazi hiyo, lakini waliogopa mahakama: je, kama kuna kipande kilichonakiliwa kutoka kwa Atheros? Wanasheria wa Software Freedom Law Center wakaipitia, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba haikuvunja hakimiliki ya Atheros. Ukazuka ugomvi mkali kati ya kambi za OpenBSD na Linux kuhusu leseni na heshima ya mwandishi wa kwanza, na kwa maoni yangu OpenBSD walikuwa na haki ya kukasirika. Ugomvi ulipopoa kazi iliendelea, na draiva mpya, ath5k, ikaingia ndani ya kerneli ya Linux 2.6.25 mwezi Aprili 2008. Hakuna kujenga tena, hakuna uchafu. Unachomeka, inawaka.

Mwaka huo huo Atheros wenyewe waligeuka. Mwezi Julai walitoa draiva ya wazi ya chipu zao mpya, ath9k, na kabla mwaka haujaisha HAL ya Leffler nayo ilifunguliwa isomwe na kila mtu. Baada ya miaka mitano faili la herufi M likawa halina kazi. Sheria za masafa hazikufutwa. Zilihamia mahali panapoonekana, kwenye orodha iliyo wazi inayosema kila nchi inaruhusu chaneli zipi na kwa nguvu gani. Kwenye chaneli za rada, kituo kinachotaka kuzitumia husikiliza kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kutoa sauti.

Katika miaka ile ile, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya kazi na Hospitali ya Macho ya Aravind katika jimbo la Tamil Nadu, India, wakitaka daktari wa mjini aweze kumwona na kuzungumza kwa video na mgonjwa aliye kijijini. Walitumia kadi za Atheros na MadWifi, kwa antena za kuelekezwa, umbali wa kilomita kadhaa. Wi-Fi haikuundwa kwa umbali huo. Kadi ikituma furushi la data husubiri jibu la "nimepokea" kwa muda mfupi mno, na jibu likichelewa inadhani furushi limepotea, inatuma tena. Mawimbi huenda mita 300 kwa mikrosekunde. Kilomita 30 kwenda na kurudi ni mikrosekunde 200, na wakati huo kadi imeshakata tamaa zamani. MadWifi ilikuja na amri ndogo, athctrl, ambayo kazi yake ilikuwa kuiambia kadi umbali kwa mita, ili ijue ivumilie kiasi gani. Watafiti walikwenda mbali zaidi: waliibadilisha draiva kabisa ili vituo viwili vipeane zamu badala ya kuviziana.

Kizazi cha kadi zile unakipita kila siku bila kukitambua. Inua macho juu ya paa lolote la Nairobi, Arusha au Mombasa lenye ofisi au hoteli, utaona vidishi vyeupe vimeelekezwa mnara fulani. Vingi ni redio za gigahezi 5 za pasiwaya zenye Linux ndani yake, na vingi vya mwanzo vilibeba chipu za Atheros. Fundi akishakaza nati za mwisho hukaa pale pale juu ya bati na kompyuta mapajani, hufungua ukurasa wa kifaa, na kati ya visanduku anavyojaza kimo cha nchi na kimo cha umbali. Anachagua Kenya au Tanzania, anaandika kilomita 12, anabonyeza kuhifadhi, halafu anamwambia mwenzake aliye chini ajaribu.