Dhehebu, Uzushi, Uasi: Uteuzi wa Istilahi za Harakati za Kidini

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya zamani ya utawala kuhusu harakati za kidini hukutana na tatizo ambalo kamusi pekee haiwezi kulitatua. Jambo lile lile huitwa dini na waumini wake, uzushi na viongozi wa dini nyingine, na uasi na serikali. Kila jina limekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajapewa habari.

Neno dhehebu limetokana na Kiarabu madhhab, yaani njia ya kuendea. Ndiyo maana Waislamu wa pwani husema madhehebu ya Shafii. Kwa kuwa silabi ya kwanza yafanana na kiambishi chetu cha wingi, wasemaji waliiondoa wakapata umoja. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa. Sisi hatuoni hivyo, maana lugha imekwisha kulipokea. Ubora wake ni kwamba halishutumu. Uzushi, kinyume chake, hubeba shtaka la uongo. Lafaa katika kunukuu kauli ya mshtaki, halifai kuwa kauli ya mfasiri mwenyewe.

Uasi ni neno zito zaidi. Kuasi ni kukataa kumtii mwenye haki ya kutiiwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, na imani hiyo ikawaunganisha Wamatumbi, Wangindo na wengineo ambao hawakuwa na mtawala mmoja. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Mapigano yalianza Julai 1905, Kinjikitile akanyongwa mwezi uliofuata, na vita vikaendelea hadi 1907. Anayeandika “Uasi wa Maji Maji” amekwisha kuwapa Wajerumani haki ambayo wapiganaji waliikana. Kwa hiyo tunapendelea Vita vya Maji Maji, kama vitabu vya shule vya Tanzania vifanyavyo.

Kitawala ni mfano wa ajabu. Mafundisho ya Watch Tower yaliletwa na vibarua waliohama kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini hadi kwenye migodi ya Katanga. Neno la Kiingereza la mnara lilipotamkwa kwa Kiswahili likasikika kama kitenzi tawala. Jina la jengo likawa dai la madaraka! Mwaka 1944 wafuasi walioongozwa na Bushiri waliinuka dhidi ya Wabelgiji katika sehemu za Masisi na Lubutu. Jina hili lisitafsiriwe kamwe. Likitafsiriwa, siasa yake hupotea.

Simon Kimbangu hakushika silaha. Alianza kuponya wagonjwa N’Kamba mwaka 1921, na mwaka huo huo akahukumiwa kifo. Adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Karani aliyeandika “hatari kwa usalama” na yule aliyeandika “kanisa” walisema habari za watu wale wale.

Kwa hali ya mwanzo, kabla haijadhihirika kama waumini watasali au watapigana, tunapendekeza vuguvugu. Asili yake ni joto lisilo baridi wala moto, na ndiyo hali yenyewe.

Liko swali moja gumu. Huko Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilizidi 400, ya watu walioshawishiwa kufunga hadi kufa. Je, neno lisiloshutumu latosha hapo? Wengine wametumia “dhehebu potovu”. Tunakubali kwamba uchungu wahitaji neno, lakini katika waraka wa serikali kivumishi hicho chaweza kesho kubandikwa kwa kundi lolote linalosali tofauti na jirani zake. Mtumishi aandike “kundi la waumini”, kisha ataje kitendo chenyewe kwa jina lake la kisheria: kuua, kumnyima mtoto chakula, kumzuia mtu asiondoke.