Je, Wajua? Chupa Tupu ya Soda Hunyoosha Mkono wa Pool

Jioni ikiingia Umoja, Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mlio wa mipira ya pool ikigongana hukufikia kabla hujaiona meza yenyewe. Kila anayesubiri zamu ana nadharia yake ya kupiga. Haya hapa ni ya kumwongezea.

Mwalimu amelala kwenye kreti

Chupa tupu ya soda ni mojawapo ya vifaa bora vya kunyoosha mkono wa mchezaji wa pool! Ilaze mezani, mdomo ukuelekee, kisha vuta na usukume fimbo kana kwamba unaupiga mpira mweupe: ncha iingie shingoni na kutoka bila kugusa kioo. Tundu la chupa lina upana wa milimita 16 hivi, na ncha ya fimbo nene ni milimita 13, kwa hiyo kila upande umebakiwa na milimita moja na nusu tu. Ukiyumba, unasikia kling! na kila aliye karibu anasikia pia. Tena chupa ikilala, mdomo wake hukaa karibu sentimita 3 juu ya kitambaa, takriban usawa wa kitovu cha mpira. Madukani kuna vifaa vya kununua kwa kazi hiyohiyo, lakini mimi ningeanza na chupa. Nenda polepole, bila nguvu. Ukifikisha mara kumi mfululizo bila mlio wowote, ndipo uongeze kasi.

Sekunde 10 zinapogeuka dakika 3

Mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani husogea digrii 1 kila sekunde 10, yaani kidogo mno hata jicho halioni. Sasa chukua mpira wa milimita 57 uliokaa mita 1 mbele ya mweupe. Ukiukosea mweupe mwelekeo kwa digrii hiyo moja tu, mpira uliolengwa utatoka na kosa la karibu digrii 18, sawa na mwendo wa mshale kwa dakika 3 nzima! Sababu ni umbo la mpira: mweupe unafika ukiwa umehama milimita 17 kando, na milimita hizo kwenye kitu cha mviringo hubadilisha kabisa mahali pa kugusana. Mpira ukiwa karibu na mweupe kosa halipati nafasi ya kukua; ukiwa mbali, hapo ndipo mkono uliopinda hujulikana.

Mguso mfupi kuliko kope

Ncha ya fimbo huugusa mpira kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi ya mara 100! Hakuna binadamu anayeweza kusahihisha pigo ndani ya muda huo, kwa hiyo kila kitu huamuliwa kabla: kiwiko kitulie, mkono wa chini ubembee kama ndoo iliyoning'inizwa kwenye kamba. Chupa inafundisha hilo hasa.

Mpira wenye mstari hautunzi siri

Huna chupa? Weka mpira wenye mstari mahali pa mweupe, mstari ukiwa umesimama wima na kuelekea moja kwa moja unakopiga, halafu upige katikati. Ukibingirika huku mstari umetulia kama tairi jipya la baiskeli, umepiga sawa. Mstari ukiyumbayumba, uliupiga pembeni, hata kama uliapa ulilenga katikati.

Chaki isiyo chaki

Ile chaki ya buluu unayosugua kwenye ncha si ndugu wa chaki ya ubaoni. Mchanganyiko wake wa kisasa, wenye silika na unga mgumu wa kukwaruza, ulipewa hataza Marekani mwaka 1897 kwa jina la mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins. Huifanya ngozi ya ncha iushike mpira badala ya kuteleza.

Ndovu aliyekuwa ndani ya mpira

Zamani mipira hii ilichongwa kutoka kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu, minne au mitano mizuri! Meza moja ya mipira 16 ingemaliza ndovu wawili. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana kwa ulaini wake. Misafara ya Wakamba, mmoja wa viongozi wake akiwa Kivoi, ilizibeba hadi Mombasa, na kutoka pwani zikavuka bahari. Ndovu walipoanza kuadimika, kampuni ya Phelan na Collender ya New York iliahidi dola 10,000 katika miaka ya 1860 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt alijitosa, akatoka na seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza kabisa kutengenezwa viwandani.

Na tazama hili: tangu Desemba 2018, sarafu mpya ya shilingi 20 ya Kenya ina picha ya ndovu. Meza nyingi za Eastlands zimezoea kulishwa mbao, yaani hiyo shilingi 20, kwa hiyo ndovu bado anaingia mezani, safari hii kupitia tundu la sarafu.

Meza inamjua mweupe

Ukishalipa, meza humeza kila mpira na kuufungia hadi sarafu nyingine, isipokuwa mweupe! Siri iko tumboni mwa meza: meza nyingine huutambua kwa ukubwa, kwa kuwa umetofautiana kidogo na wenzake, na nyingine kwa sumaku inayouvuta njia ya pembeni. Ukiutumbukiza kwa bahati mbaya, zunguka upande wa pili tu. Utaukuta umeshatoka.